Kuchagua mbao za fimbo ya biyari: mwongozo kamili wa fundi wa Lubumbashi

Fimbo ya kwanza niliyolipwa kuitengeneza ilikuwa ya mukula mtupu, mti mwekundu wa huku kwetu. Mteja, kijana wa Kamalondo, alikuja karakanani mwezi wa tisa, vumbi la kiangazi likiwa bado limetanda juu ya mabati, akaniambia: "Papa fundi, mi nataka ile ya mukula, yenye rangi ya damu." Nikamkerezea. Ilinyooka kama uzi wa mwashi na ilipong'arishwa kila aliyepita aliomba kuishika. Mwezi wa kwanza, mvua zikiwa zimekolea, akairudisha. Ukiiviringisha juu ya kioo, ncha ilikuwa inapanda na kushuka. Nikamrudishia pesa yake, na hiyo fimbo ninayo mpaka leo, nafungulia nayo dirisha la juu.

Mukula haukuwa na kosa. Mimi ndiye niliyechagua mbao kwa macho, na fimbo huchaguliwa kwa mizani, kwa nyuzi na kwa kalenda ya mvua. Haya ninayoandika ni ya yule anayetaka kutengeneza fimbo yake ya biyari (wenzetu wa Dar na Nairobi wanaita pool), au anayetaka kumpelekea fundi mbao na kujua anachokisema.

Kwanza, ijue fimbo

Fimbo ya siku hizi ina vipande viwili vinavyofungana katikati kwa skrubu. Kipande cha mbele, chembamba, Wafaransa wanakiita flèche, na sisi hapa karakanani tunasema mshale. Cha nyuma, kinene, nitakiita shina. Kwenye ncha ya mshale kuna pete fupi nyeupe ya plastiki ngumu, na juu yake ngozi inayogusa bili, yaani ile mipira ya mchezo. Mwisho wa shina kuna kofia na kipande cha mpira.

Kazi ya vipande hivi viwili si moja, na hapa ndipo watu wengi wanapotea. Mshale ndio unaoamua bili itaendaje: unavyopinda na kurudi, uzito wa sentimita chache za mwisho karibu na ngozi, unyoofu wa nyuzi. Ncha ikiwa nzito, bili nyeupe inapopigwa pembeni inakwenda upande zaidi ya ulivyolenga. Shina linaamua uzito wa fimbo nzima, mahali inapokaa sawa mkononi, na sura. Watu hutumia mali yao yote kwenye shina kwa sababu ndilo linaloonekana, kisha wanaweka mbele mshale wowote. Ukiwa na bajeti ndogo, fanya kinyume.

Amua vipimo kabla ya kununua hata ubao mmoja

Fimbo ya kawaida ya biyari ya Kimarekani ina urefu wa sentimita 147 hivi, na uzito kati ya gramu 510 na 595. Kanuni za shirikisho la kimataifa la pool, WPA, zinaruhusu mpaka gramu 708.75, urefu usiopungua mita 1.016, na ngozi isiyozidi milimita 14. Hiyo ni mipaka tu. Mteja wangu wa kawaida anaridhika na gramu 540, ambazo ni aunsi 19.

Pima pia bili za mahali unapochezea, kwa sababu meza zetu si za aina moja. Bili za Kimarekani zina kipenyo cha milimita 57.15, na ngozi yake inafaa iwe ya milimita 12.5 hadi 13. Ukikuta meza ndogo ya bili za njano na nyekundu za Kiingereza, hizo ni kama milimita 51, na mshale wa milimita 9 au 10 unazifaa zaidi. Kuna mtu aliniagiza fimbo ya milimita 13 kisha akaenda kuchezea bili ndogo, akasema nimemharibia. Tangu hapo namwambia mteja aje na bili moja mfukoni, hata kama mwenye nganda (baa) atamtazama vibaya.

Mshale: hapa usibahatishe

Duniani mshale wa pool unatengenezwa kwa mepo ngumu ya Amerika Kaskazini, ule mti ambao Wakanada wameweka jani lake kwenye bendera na ambao utomvu wake wanaupika kuwa asali. Wacheza snooka wa Uingereza wanapenda zaidi mti unaoitwa ash, wenye michoro kama vichwa vya mikuki ikifuatana kwenye mti mzima. Mepo ina uzito wa karibu kilo 700 kwa mita moja ya ujazo, vinyweleo vyake ni vidogo vilivyotawanyika sawasawa, na nyuzi zake zinaweza kukimbia moja kwa moja kwa urefu wote wa mshale. Ni ngumu kiasi cha kutosha, nyepesi kiasi cha kutosha, na inateleza vidoleni bila kuhitaji verni (vanishi) nene.

Nimejaribu miti yetu kwenye mshale. Niseme tu ukweli: sijapata mmoja unaolingana nayo. Miti mingi ya misitu ya joto ina nyuzi zinazopishana, mwaka huu zinaegemea kulia, miaka inayofuata kushoto. Kwenye mlango hiyo ni faida, ubao haupasuki. Kwenye kijiti cha milimita 13 ni balaa, kwa sababu kila tabaka linavuta upande wake unyevu ukibadilika. Mulombwa (Watanzania wanauita mninga) ni laini mno kwa ncha. Mubanga ni mgumu, lakini uzito wake mbele unaipeleka bili inakotaka yenyewe. Mkalitusi unajipinda hata kabla hujamaliza kuupasua.

Kwa hiyo mepo utaitoa wapi hapa Lubumbashi? Njia ya kwanza ni kuagiza mishale ghafi kutoka nje, vijiti vya mviringo vilivyokaushwa tayari. Njia ya pili ndiyo ninayoipenda: fimbo za nganda zilizovunjika. Zile fimbo za kipande kimoja zinazotundikwa ukutani mara nyingi mbele ni mepo, na zikivunjika huvunjika mtu anapogonga meza kwa hasira au kwenye maungio ya nyuma. Sehemu ya mbele inabaki nzima sentimita 75 au 80. Mepo hiyo imeshakaa hapa mvua tano, kiangazi tano, na kama bado imenyooka, imekwisha kufaulu mtihani ambao mbao mpya haijaufanya. Kuwa mwangalifu tu: fimbo za bei rahisi kabisa hutengenezwa kwa mbao laini za Asia, nyeupe-njano, zenye vinyweleo virefu vinavyoonekana kama mikwaruzo ya sindano. Mepo haina mikwaruzo hiyo. Kwaruza verni kidogo uone.

Ukishapata kipande, kichunguze hivi. Angalia nyuzi upande mmoja, kisha kigeuze robo, uangalie tena. Mistari inatakiwa ikimbie sambamba na ukingo. Ikitoka nje ya ukingo kabla ya sentimita 30, kiweke kando. Macho yanadanganya, kwa hiyo dondosha tone dogo la wino wa kalamu ya kuchovya: wino unafuata nyuzi za kweli, si michoro. Kama una kipande cha ziada mwishoni, kipasue kwa patasi. Mpasuko haujui kusema uongo.

Kisha tazama kichwa cha mbao, hesabu miviringo ya mwaka. Mingi na myembamba, iliyopangana sawa, ndiyo unayoitaka. Mwisho, shika kijiti kwa vidole viwili, umbali wa karibu robo ya urefu wake kutoka nchani (kwa sentimita 75 ni kama sentimita 17), ukiache kining'inie, ukigonge katikati kwa kifundo cha kidole. Hapo unapokishika ndipo kisipotetemeka, ndiyo maana sauti haizimwi na vidole vyako. Kizuri kinalia, na mlio unadumu. Kibaya kinasema "tp" kama kopo lililojaa mchanga.

Shina: fanya hesabu kabla ya kupenda rangi

Shina la kawaida lina urefu wa sentimita 73 na nusu hivi, kipenyo cha milimita 21 na kidogo kwenye kiungo, na karibu milimita 32 kwenye kitako. Ukipiga hesabu ya umbo hilo unapata sentimita za ujazo karibu 410. Mshale uliokamilika una uzito wa gramu 110 hivi. Skrubu, kofia, mpira na vyuma vingine, weka gramu 50. Jumla ya vitu visivyo shina ni gramu 160.

Sasa chukua gramu 540 unazozitaka, toa 160, zinabaki 380. Zigawe kwa 410. Unapata 0.93. Hiyo ndiyo mbao inayokupa uzito wako bila kuongeza chuma chochote: gramu 0.93 kwa kila sentimita ya ujazo. Ikiwa nyepesi, unaongeza kipande cha chuma ndani ya kitako, lakini mimi sipendi kuzidisha gramu 90, fimbo inakuwa kama nyundo iliyoshikwa kichwa. Kwa hiyo mbao moja ya shina zima inafaa iwe kati ya 0.71 na 0.93.

Tazama hesabu hii inavyowapanga miti. Mulombwa, wenye karibu 0.60, unatoa fimbo ya gramu 406: nyepesi mno. Mvule, 0.66, unatoa 430. Mepo yenyewe, 0.70, inatoa 447, ndiyo maana fimbo za mepo huwa na chuma ndani. Wenge, 0.87, unafika 517. Mwebeni mweusi wa Afrika ya Kati, 0.95, unafika 550. Mpingo, 1.27, unatoa gramu 681, unakaribia mpaka wa WPA na utaumiza bega kabla ya mchezo wa tatu.

Usitegemee namba zangu peke yake, kwa sababu mti mmoja na mwingine wa jina lilelile hutofautiana. Pima mbao yako. Kata kipande cha mraba, tuseme sentimita 4 kwa 4 kwa 40. Ujazo wake ni 640. Mizani ikisema gramu 590, gawa 590 kwa 640: ni 0.92. Umeshapata jibu kwa dakika mbili, na mizani ya muuza dagaa inatosha.

Je, ukipenda mulombwa? Usiutumie peke yake. Gawanya shina vipande viwili: sentimita 33 za mbele kutoka kwenye kiungo ziwe mulombwa, za nyuma ziwe mti mzito. Kipande cha mbele kina ujazo wa 150 hivi, cha nyuma 260. Mubanga nilionao mimi unapima karibu 0.95. Basi mulombwa gramu 90, mubanga 247, ongeza zile 160: jumla 497. Zinabaki gramu 43 za chuma kitakoni, kitu kidogo. Fimbo hiyo inatulia mkononi. Ukiisawazisha juu ya kidole, mahali inapokaa bila kuanguka panatakiwa pawe karibu sentimita 46 hadi 48 kutoka nyuma. Ikilalia mbele zaidi, badilisha mpangilio kabla ya gundi. Baada ya gundi utabaki na maneno tu.

Mafundi wakubwa wa Marekani walifanya hivi tangu zamani. George Balabushka wa Brooklyn, aliyefariki mwaka 1975 na ambaye fimbo zake leo zinauzwa kwa bei ya gari, alianza kwa kuchukua mashina yaliyounganishwa tayari ya kampuni ya Brunswick, mepo mbele, mbao nzito nyuma, zikiwa zimeingiana kwa meno marefu yaliyochongoka. Uzuri wa meno yale unaouona kwenye fimbo za bei kubwa ulianza kama njia ya kushikanisha mti mwepesi na mti mzito.

Miti yetu, mmoja mmoja

Mulombwa ndio rafiki wa fundi wa Katanga. Unakauka bila ugomvi na unacheza kidogo sana unyevu ukibadilika, kuliko karibu mti wowote nilioushika. Udhaifu wake ni uzito mdogo, na ile sehemu nyeupe ya nje ambayo wadudu wanaitoboa na kuacha unga. Tumia kiini cha kahawia tu.

Mukula ni ndugu yake. Ni mwekundu zaidi na mara nyingi mzito zaidi, na ndio uliopita hapa kwa malori kuelekea mpaka wa Kasumbalesa hadi China, mpaka misitu ikabaki na visiki. Tangu mwaka 2019 uko kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama wa porini, na tangu mwaka 2023 miti yote ya ukoo huo ya Afrika, pamoja na mulombwa, iko humo. Maana yake kwako: mbao zake hazivuki mpaka bila kibali. Mimi sinunui mukula mpya. Natumia wa zamani: mguu wa kitanda, fremu ya mlango, meza ya babu ya mtu. Ukoo wa mpingo wote nao uko kwenye orodha hiyo tangu mwaka 2017. Mteja wako akiwa anasafiri kwenda kucheza Ndola au Kitwe, huko Zambia, mwambie mapema fimbo yake ina nini ndani.

Mubanga ni mzito, mchwa hauuwezi, na unakula makali ya patasi kama mtoto anavyokula muwa. Nautumia nyuma tu. Wenge unatoka misitu ya mvua ya huko chini, bonde la Kongo, na kufika kwetu kwa nadra, mara nyingi kama samani iliyovunjika. Una michirizi myeusi na kahawia, uzito mzuri, lakini vibanzi vyake vikiingia kidoleni huwa vinatunga usaha. Vinyweleo vyake ni vipana, itabidi uvijaze kabla ya verni. Mvule unafaa kwa kipande cha mbele, hauna maajabu.

Miti ya makala (makaa) sina la kusema juu yake, zaidi ya kwamba kila nikiona gunia barabarani najiuliza ni shina ngapi nzuri zimeungua humo.

Deponi, wanakouza mbao: namna ya kukagua

Nenda asubuhi, jua likiwa linapiga kwa upande, kwa sababu mwanga wa upande unaonyesha mipasuko midogo. Usimwambie muuzaji unataka mbao ya fimbo, atapandisha bei. Sema unatengeneza miguu ya meza.

Kitu cha kwanza: moyo wa mti usiwemo. Ukiona kitone cha katikati ya mti kwenye kichwa cha ubao, huo utapasuka, leo au mwakani. Pili, mafundo: hata fundo dogo linageuza nyuzi kulizunguka, na hapo ndipo shina litajikunja. Tatu, ncha zilizopasuka. Mpasuko unaouona una mwenzake usiouona, kwa hiyo hesabu sentimita 5 za ziada za kukata. Nne, weka ubao jichoni kama mtu anayelenga bunduki. Ubao uliopinda kwa upana unaweza kupata kipande ndani yake. Uliojisokota kama kamba, achana nao, kwa sababu utaendelea kujisokota.

Mbao bora kabisa nilizopata hazikutoka depo. Zilitoka nyumba za zamani za mjini zinapobomolewa: fremu za milango na boriti ambazo zimekauka miaka mingi. Toa misumari yote kwanza, pitisha sumaku mara mbili. Msumari mmoja uliofichika uliwahi kunila patasi mpya kabla ya saa nne asubuhi.

Kukausha: hapa kiangazi na mvua ndio waamuzi

Mji wetu uko juu, karibu mita 1,200, na mwaka wake una nusu mbili zisizofanana hata kidogo. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa hakuna mvua ya maana, midomo inapasuka. Kisha mvua zinashuka mpaka mwezi wa nne. Mbao inapumua pamoja na hewa hiyo. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 40, mbao inatulia kwenye asilimia 7 au 8 ya maji. Hewa ikifika 80, mbao inapanda hadi 16. Na haivimbi sawasawa: kufuata mviringo wa mwaka inavimba karibu mara mbili ya inavyovimba kuelekea kiini. Ndiyo maana kitu ulichokikereza mviringo mwezi wa tisa unakikuta kama yai mwezi wa kwanza, na kama nyuzi zimeegemea upande mmoja, unakikuta kimepinda.

Fundi wa Ulaya au Marekani ana chumba chenye mashine ya kudhibiti hewa. Mimi nina karakana ya mabati Katuba na umeme unaokuja ukipenda. Dawa yangu ni kuiacha mbao ipite msimu mmoja kamili wa mvua ikiwa bado nene, ndipo niimalize.

Mpangilio wenyewe ni huu. Kata vipande vya mraba vya milimita 40, paka ncha zote mbili nta au rangi ili zisikauke haraka kuliko katikati. Andika tarehe na uzito kwa kalamu ya risasi. Viweke kivulini, vikitenganishwa kwa vijiti, hewa ipite. Kila Jumamosi pima. Siku uzito utakapokaa palepale wiki nne mfululizo, mbao imelingana na hewa ya hapo.

Ukitaka namba kamili, kata kipande kidogo, kipime, kiweke kwenye oveni yenye joto la nyuzi 103 za Selsiasi mpaka kisipungue tena, kipime tena. Kikiwa kilikuwa gramu 54.5 na kimebaki 50, gawa zile 4.5 kwa 50: maji ni asilimia 9. Mama watoto asikukute.

Baada ya hapo ndipo kerezo inaanza, na kwa pole. Shina: toa pembe ufike mviringo wa milimita 38. Litundike wima kwa kamba, lisiegemee ukuta, mwezi mzima. Rudi, lipitishe hadi 35. Tundika tena. Kila ukiondoa ngozi ya nje, nguvu zilizokuwa zimefungwa ndani zinalegea na mbao inasogea kidogo. Unaiacha isogee ikiwa bado ina nyama ya kusahihishia. Mshale vilevile, kutoka milimita 25 hadi 13 kwa mapito sita au zaidi, patasi ikiwa kali sana, kila pito likiondoa kidogo tu. Mshale unaojipinda katikati ya safari usiunyooshe kwa moto wala kwa goti. Utanyooka mbele ya mteja na kupinda akifika nyumbani. Uchonge uwe miko.

Vipande nilivyovikata mwezi wa sita navimalizia mwezi wa tano wa mwaka unaofuata. Wateja wanalalamika. Nawaonyesha ile fimbo ya dirishani.

Mbao nzuri kwa sura, mbaya kwa tabia

Kuna vipande vyenye michoro ya kupendeza, nundu za mti, nyuzi zinazozunguka kama maji ya mtoni. Peke yake havitulii. Njia ya kuvitumia ni kutoboa tundu la milimita 19 kutoka ncha hadi ncha na kugundisha ndani yake kijiti cha mepo kilichonyooka. Mepo inashika unyoofu, ile nundu inabaki kuwa nguo. Njia hii inasaidia pia kupunguza uzito wa mti mzito mno: mpingo uliowekwa moyo wa mepo unachezeka. Gundi iwe epoksi ya kukauka polepole, na kijiti kiachiwe nafasi ndogo gundi ipite, au hewa iliyobanwa itakisukuma nje. Usitumie kole (gundi) nyeupe ya maji kwenye tundu refu, kwa sababu inavimbisha mbao kutoka ndani.

Miti yenye mafuta, mpingo hasa, ifute kwa asetoni na uigundishe palepale. Ukisubiri hadi kesho, mafuta yatakuwa yamerudi juu.

Na vumbi: vaa barakoa. La mulombwa linafunga pua na kuamsha pumu kwa wengine, la wenge linawasha. Vumbi jekundu la mukula lina kosa jingine, linaingia kwenye vinyweleo vya mepo iliyo jirani na kuipaka waridi. Usiifute kwa spiriti, utaieneza. Ipulize, kisha paka mepo tabaka la kwanza la verni kabla hujasugua upande mwekundu. Tena mwambie mteja mapema kwamba rangi ya damu haidumu. Jua litaigeuza kahawia, verni iwe nzuri namna gani.

Ukaguzi wa mwisho

Usijaribu unyoofu juu ya meza ya biyari. Meza nyingi za nganda zimelalia upande mmoja, na kitambaa kinaficha. Tumia kioo kinene cha dirisha kilicholala sawa. Viringisha mshale peke yake, shina peke yake, kisha vikiwa vimefungwa. Ukiona mwanga unafunguka na kufumba chini yake, tafuta mahali, weka alama. Tofauti ya unene wa karatasi naipokea. Ya unene wa kadi hairuhusiwi kutoka karakanani.

Mshale usiupake verni sehemu ya mkono wa mbele, nta tu, ukisuguliwa kwa kitambaa mpaka upate joto. Kwenye kipande kilichobaki cha kila mbao andika jina la mti, uzito wake kwa sentimita ya ujazo, na mwezi ulioimalizia, kisha kitunze. Siku mteja atarudi na mshale uliovunjika, au atakapoleta rafiki anayetaka fimbo "kama ya huyu", utakuwa na cha kupima nacho.